Usimwombe Akisie, Mwulize Anachokumbuka

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa familia za watu transjenda, wauguzi na washauri nasaha. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Wazazi wangu, ndugu zangu, wauguzi na washauri mliotenga siku yenu kuja hapa, na ninyi wenzangu transjenda mlioketi karibu na mlango kama tulivyozoea kuketi: asanteni.

Nimeombwa nizungumzie disforia ya jinsia. Naomba ruhusa yenu nizungumzie jambo lililo ubavuni mwake, ambalo ndilo linalotutesa zaidi majumbani. Kwa nini ni vigumu hivi kumweleza mtu ambaye hana? Kwa nini mama na mtoto wake, watu wanaopendana, wanakesha pamoja, mmoja anaeleza, mwingine anasikiliza kwa moyo wake wote, na kunapambazuka hakuna kilichofika?

Kwanza maelezo mafupi, tuwe pamoja. Mtu sisjenda ni yule ambaye jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa ndiyo anayojijua kuwa nayo. Wengi wenu humu ndio hao. Transjenda ni yule ambaye hayo mawili hayalingani. Disforia ya jinsia ni dhiki inayoletwa na kutolingana huko. Si kila transjenda anayo, na wenye nayo hawana kwa kiwango kimoja. Mwaka 2013, Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilipotoa toleo la tano la mwongozo wake wa kutambua magonjwa ya akili, kiliacha kuliita jambo hili kasoro ya utambulisho, kikaliita disforia; kinachotibiwa ni dhiki, mtu mwenyewe si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limelitoa suala hili kwenye sura ya magonjwa ya akili na kuliweka kwenye sura ya afya ya kijinsia. Ya vitabuni yanatosha. Turudi nyumbani.

Tazameni jinsi tunavyoeleza. Karibu kila mmoja wetu amewahi kutumia zoezi lile lile: "Hebu fikiria umeamka asubuhi moja, mwili wako umekuwa wa jinsia nyingine." Mmelisikia? Wangapi mmelitumia? Naona mikono mingi.

Nilikuwepo kwenye mafunzo ya wahudumu wa afya, mwezeshaji akatoa zoezi hilo, akawapa watu dakika chache za kufikiri. Kaka mmoja, mtu mwema kabisa, alijibu wa kwanza. Alisema angeshangaa, angejitazama kwenye kioo, kisha njaa ingemshika, angekula, na wiki ikipita angezoea. Dada aliyekuwa pembeni yake akasema yeye angefurahi kupumzika na hedhi. Watu wakacheka, na hapakuwa na ubaya katika kicheko kile. Walijibu kwa uaminifu swali waliloulizwa. Lakini viti vya nyuma alikuwepo kijana mmoja transjenda, na nilimwona akikunja karatasi aliyokuwa ameandika mambo yake, akaitia mfukoni. Alikuwa amejiandaa kuzungumza. Hakuzungumza.

Zoezi lile lina kasoro gani? Linampa msikilizaji jana. Katika kisa hicho jana ulikuwa sawa, leo umebadilika, na unajua barabara ni nini kilichobadilika. Unalo la kulinganisha nalo. Ukiulizwa tatizo liko wapi, unaonyesha kwa kidole. Mwenye disforia mara nyingi hana jana hiyo. Hakuwahi kuamka. Hakuna asubuhi ambayo mambo yaliharibika, kwa sababu hakuna usiku ambao yalikuwa mazima.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na methali hii tunaipenda sana tunapowaambia sisjenda kwamba hawawezi kujua. Ni kweli. Ila ina upande wa pili ambao sisi wenyewe tunausahau. Aliyezaliwa juu ya kitanda hicho, asilalie kingine maishani mwake, naye hajui kwamba vitanda vingine havina kunguni. Anadhani kulala ndiko kuwashwa. Anadhani watu wote hujikuna usiku, ila wenzake ni hodari wa kunyamaza.

Rafiki yangu mmoja, mwanamume transjenda, yaani aliyeandikwa msichana alipozaliwa, alivuka miaka thelathini akiamini kwamba kila binadamu huichukia sauti yake. Aliamini kila mtu huoga taa ikiwa imezimwa. Alipoanza kutumia testosteroni, homoni ya kiume, sauti ikashuka kama inavyomshukia mvulana anayebalehe, siku moja alijisikia akizungumza kwenye simu, akakatiza sentensi katikati. Hakuwa amefurahi, aliniambia. Alikuwa ameshtuka kwamba hakuna kilichomkwaruza. Ndipo kwa mara ya kwanza akatambua kilichokuwa kikimkwaruza miaka yote.

Mnauona ugumu? Alianza kuweza kuielezea disforia siku ilipoanza kumwacha. Kabla ya hapo angemweleza nani, na kwa maneno gani? Kwa hiyo wewe mzazi unayeuliza, "Mbona hukusema tangu utoto?", swali lako ni la haki, na mara nyingi jibu lake ni hili: hakujua kwamba kuna la kusema.

Liko jambo lingine linalotufunga ulimi, nalo ni kwamba disforia mara nyingi haina sura ya maumivu. Tukiulizwa, tunasimulia kioo, tunasimulia kilio, kwa kuwa kilio kinaeleweka. Lakini wengi wetu hatukuwa tunalia. Mimi nilifanya kazi, nilicheka palipochekwa, nilihudhuria harusi za marafiki, na muda wote huo nilikuwa kama niko hatua moja nyuma yangu mwenyewe, natazama mtu fulani akiishi. Wataalamu wana jina la hali hiyo, kujitenga na nafsi, na wanaipata kwa watu wa kila aina, si kwetu tu. Wenzangu wa rika moja walizungumza watakavyokuwa wazee. Mimi nilipojaribu kumwona yule mzee wa kiume niliyetarajiwa kuwa, sikuona mtu. Sikumwogopa. Hakuwepo.

Nendeni mkamweleze daktari hilo! Daktari anauliza: inauma wapi, tangu lini, kwa kiasi gani. Utamwonyeshaje mahali ambapo hapana kitu? Na mama yako utamwambia nini, mama ambaye amekuona ukila, ukifaulu, ukicheka? Ukimwambia "sikuwepo", anasikia kwamba unamfutia miaka yake yote ya kukulea.

Ndiyo maana tukatafuta sentensi nyepesi. Mnaijua: "Nimezaliwa ndani ya mwili usio wangu." Sitamkataza mtu kuitumia, wapo ambao hiyo ndiyo kweli yao hasa. Lakini nataka mwone inachomfanya msikilizaji. Mama mmoja alinifuata baada ya kikao, akanishika mkono, akaniuliza: "Mwanangu, kama mtoto wangu yumo ndani ya mwili usio wake, basi niliyemnyonyesha ni nani?" Hakuwa anabishana. Alikuwa anaomboleza. Sentensi ile ilikuwa imempa watu wawili, mmoja wa nje aliyemzaa na mmoja wa ndani asiyemjua, na aliambiwa amuage yule wa nje. Alikuwa msibani, na mtoto wake yuko hai chumba cha pili.

Nilimwambia: Mama, ulimnyonyesha huyu huyu. Hakuna mwingine. Mwili huo ni wake, na ndiyo maana anauhangaikia hivi. Mtu hahangaikii nyumba ya jirani.

Sentensi hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani kilifungua kliniki ya utambulisho wa jinsia, na vyuo vikuu vingine vikafuata. Milango ilikuwa myembamba. Madaktari walikuwa na picha yao ya mgonjwa wa kweli: amejua tangu utotoni, anauchukia mwili wake, hana shaka hata chembe. Habari zikasambaa miongoni mwa waliosubiri, watu wakajifunza kusimulia maisha yao kwa mpangilio huo, hata madaktari wenyewe wakaja kugundua kwamba masimulizi yanafanana mno. Je, walikuwa waongo? Walikuwa watu wenye kuhitaji matibabu, na mlango ulifunguka kwa maneno fulani tu. Mimi siwalaumu. Nawaonea huruma, na nawashukuru. Lakini sisi tuliokuja nyuma yao tumerithi simulizi ambayo haikutungwa ili mama aelewe. Ilitungwa ili daktari atie sahihi. Hadi leo, aliyejitambua akiwa na miaka arobaini, au anayeipenda sehemu fulani ya mwili wake, au anayeamka siku nyingine bila dhiki yoyote, anaambiwa huyo si transjenda wa kweli. Na kibaya zaidi, anajiambia mwenyewe.

Basi tufanyeje? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kuliko mahali pengine popote. Tumekuwa tukimwomba sisjenda akisie. Fikiria, jiweke, jaribu kuona. Kukisia kunamwacha huru atunge anachotaka, na hatungi kibaya kwa makusudi. Anatunga tu asichokijua. Mimi nasema usimwombe akisie. Mwulize anachokumbuka.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja alinisubiri nje ya ukumbi. Alikuja kwa ajili ya mjukuu wake. Alisubiri mpaka watu wakaisha, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nilipokuwa na miaka kumi na minne kifua changu kiliota matiti." Jambo hili huwapata wavulana wengi wakati wa kubalehe, kwa sababu ya homoni, na kwa kawaida huisha lenyewe. Lake liliisha. Lakini kabla halijaisha alivaa fulana mbili chini ya shati juani. Aliacha mpira. Aliacha kuogelea. Wenzake walimpa jina la kike, naye akawa anageuka anapoitwa, maana asipogeuka walimfanyia vibaya zaidi. Hakumwambia mtu, hata baba yake, hata mke wake waliyeishi naye maisha yote. Alikuwa amepita miaka sabini, na aliniambia kwamba hadi leo akivua shati, mkono wake hutangulia kifuani.

Nikamwuliza: "Babu, wakati ule ulikuwa na shaka kwamba wewe ni mvulana?"

Akanitazama kama niliyeuliza upuuzi. "Hata kidogo. Ndiyo maana iliniuma."

Ndugu zangu, kuna sentensi fupi kuliko hiyo? Ndiyo maana iliniuma. Kama asingekuwa na jinsia aliyojijua kuwa nayo, matiti yale yangekuwa nyama tu, kama kipele, kama mafuta ya kiuno. Yalimuuma kwa sababu ndani yake palikuwa na jambo ambalo mwili ulikuwa unalikanusha mchana kweupe mbele ya watu. Jambo hilo hakuwahi kulihisi kabla, na lilipotulia hakulihisi tena. Sisjenda wengi wananiambia, "Mimi sijihisi mwanamume wala mwanamke, mimi ni mimi tu." Nawaamini. Kinacholingana hakipigi kelele. Lakini mwulizeni mwanamke ambaye homoni zimemwotesha ndevu anaamka saa ngapi ili azinyoe kabla nyumba haijaamka. Mwulizeni mwanamke aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani. Mwulizeni mwanamume mwenye sauti nyembamba anayeitwa "mama" kila anapopiga simu. Si wote watasema iliwauma, na hiyo nayo ni haki yao. Watakaosema iliwauma wana kumbukumbu, na kumbukumbu ina uzito ambao kukisia hakuna.

Na yupo mmoja ambaye habari zake zinajulikana duniani kote, kwa kuwa yeye mwenyewe alikubali zijulikane. David Reimer alizaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1965, mvulana, pacha. Akiwa mtoto mchanga, ajali wakati wa kutahiriwa iliharibu uume wake. Mwanasaikolojia John Money, wa Johns Hopkins hiyo hiyo, aliwashauri wazazi wamlee kama msichana. Akafanyiwa upasuaji kabla ya kutimiza miaka miwili, akapewa jina la kike, nguo za kike, na baadaye homoni za kike. Hakuambiwa. Money akatangaza kwamba mambo yamekwenda vizuri. Hayakwenda. Mtoto alikataa magauni, shuleni hakupata pa kusimama, akawa mwenye huzuni. Mwaka 1980, akiwa na miaka kumi na minne, baba yake alimwambia ukweli. Baadaye alieleza kwamba siku hiyo mambo yote yaliyokuwa hayana maana yakapata maana. Aliamua kuishi kama mvulana, akachukua jina la David, akatumia testosteroni, akaondolewa matiti aliyooteshwa na homoni. Alijiua mwaka 2004, akiwa na miaka 38, na yaliyomlemea yalikuwa mengi. Nawasihi msimfanye hoja tu, alikuwa mtu.

Kisa cha mtu mmoja hakithibitishi sayansi nzima. Nakileta kwa sababu moja. Mnapomsikia, hakuna hata mmoja wenu anayeuliza alijuaje. Mtoto ambaye kila mtu anayemwamini anamwita msichana, nguo zinasema msichana, kioo kinasema msichana, na yeye hawezi. Mnamwelewa papo hapo! Mnamwelewa kwa sababu mnajua kisa kilivyoanza, mnajua kulikuwa na cheti cha kwanza kilichosema mvulana. Mtoto wa mwenzako hana cheti hicho cha kwanza. Ana dhiki ile ile, na neno lake.

Hapo ndipo kumbukumbu inapofika mwisho wa safari yake, na sitawadanganya kwamba inafika mbali zaidi. Yule babu, hata katika siku zake mbaya kuliko zote, angekwenda kwa daktari, daktari angesema: pole kijana, tutalishughulikia. Hakuna ambaye angemwambia ayakubali matiti yake kama alivyoumbwa. Hakuna ambaye angetaka athibitishe uvulana wake kwanza. Wanaume wenye tatizo hilo lisiloisha hufanyiwa upasuaji, na hakuna mkutano unaoitishwa kujadili kama wamechanganyikiwa. Mjukuu wake akitaka upasuaji wa namna hiyo hiyo, kwa kifua cha namna hiyo hiyo, kwa maumivu ya namna hiyo hiyo, ukoo mzima unaketi. Babu alilitambua hilo mwenyewe pale nje, kabla sijalisema. Alisema, "Kumbe mimi nilikuwa na nafuu. Mimi kila mtu angekubali kwamba ni tatizo."

Nigusie kwa ufupi upande wa watu, maana disforia haikai mwilini peke yake. Katika lugha yetu "yeye" ni wa wote, na hilo linatupumzisha kidogo. Lakini kaka, dada, baba, mama, shangazi, mjomba: siku yako nzima imejaa majina hayo, na kila moja linakupanga upande. Mtu mwenye disforia anaweza kuchoka kabla ya saa nne asubuhi kwa salamu tu. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2018 uliwaangalia vijana transjenda na mahali wanapoweza kutumia jina walilojichagulia: nyumbani, shuleni, kazini, kwa marafiki. Kadiri mahali hapo palivyokuwa pengi, ndivyo dalili za sonona na mawazo ya kujiua yalivyokuwa machache. Jina! Kitu kisichohitaji dawa wala upasuaji, kitu ambacho shangazi anaweza kukitoa akiwa ameketi hapo alipo.

Wauguzi na washauri, ombi langu kwenu ni dogo. Mnapomhoji mtu, acheni kuuliza inauma kiasi gani peke yake. Ulizeni pia: ni lini inapungua? Ukiwa na nani? Ukiitwa nani? Ukivaa nini? Wengi hawawezi kuichora dhiki yenyewe, ila wanaweza kuwaonyesha inapokatika, na mtajua mengi zaidi kutokana na hapo.

Wenzangu transjenda, hamdaiwi maelezo na kila anayeuliza. Mkichoka, semeni mmechoka. Mtakapopata nguvu na mtu mnayempenda akauliza kwa nia njema, msimwamshe kwenye asubuhi ya kubuni. Mwulizeni ni lini watu au mwili wake vilimnyima kuwa mwanamke au mwanamume aliyejijua kuwa. Mpeni muda. Wengine watakumbuka baada ya wiki, wakawapigia simu.

Na wazazi wangu. Huenda mtakumbuka, huenda hamtakumbuka lolote, kwa kuwa wapo ambao mwili wao haukuwahi kuwakana hata siku moja. Mkiwa hao, msidhani mmeshindwa. Hamkuhitaji kuumwa na jino la mtoto ndipo mkampeleka kwa daktari. Mlimwona ameshika shavu, mkaondoka naye. Mwulizeni anataka aitwe nani nyumbani, kisha mwiteni hivyo kwa muda, na mtazame uso wake mkiwa mnamwita.

Nimemaliza yangu. Muda uliobaki ni wenu, na ningependa tuanze na maswali ya wazazi.